Ile video ya injini mpya niliifuta mwenyewe

Wengi mmekuwa mkiniuliza inboksi ile video ya "Usibembeleze Injini Mpya" ilienda wapi. Hakuna aliyeifungia. Niliifuta mwenyewe, Jumapili moja alasiri, nikiwa Nyahururu, nimekaa kiti cha abiria ndani ya Subaru Forester ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Injini ya hiyo Forester ilikuwa imejengwa upya, halafu ikafa ikiwa na kilomita 94. Alikuwa ameifuata video yangu neno kwa neno.

Kwa wale hawakuiona: ilikuwa sekunde 58, na ndiyo video yangu iliyotazamwa kuliko zote. Nimesimama mbele ya WRX ya rafiki, boneti iko wazi, na ninasema mambo matatu. La kwanza, injini mpya ikiwaka ikanyage, juu ringi zinataka presha. La pili, kile kitabu cha gari kinachokwambia uende polepole kiliandikwa na mawakili wa kampuni. La tatu, kubadilisha oili mapema ni mbinu ya gereji ya kukula pesa yako, subiri kilomita 1,600 kama watu wengine. Halafu nikaingia ndani, nikaivutisha WRX mpaka kelele ikajaa mtaa, video ikaisha.

La kwanza ni nusu ya ukweli. La pili ni kiburi tu. La tatu ndilo lililomgharimu Mwalimu.

Nianze na ile nusu ya ukweli, kwa sababu sitaki mtu atoke hapa akidhani sasa nimegeuka nimekuwa wa upande wa kubembeleza. Hapana. Kubembeleza kunaua injini pia, inaua tu polepole na bila kelele.

Injini ikifunguliwa na silinda zikachongwa, fundi hapitishi tu chombo zikawa laini kama kioo. Anamaliza kwa kuzikwaruza na mawe maalum, yanazunguka huku yanapanda na kushuka, ndiyo maana ukimulika tochi ndani unaona mistari iliyokatana kama wavu. Hiyo mikwaruzo ina kazi mbili. Mabonde yake yanashika oili. Vilele vyake vinafanya kazi ya msasa, vinaisaga ringi na vyenyewe vinasagwa, mpaka ringi na ukuta vishikane vizuri na moshi wa mlipuko usipate pa kupenya.

Sasa, ringi yenyewe ikiwa imekaa tu kwenye pistoni haisukumi ukuta kwa nguvu nyingi. Uspringi wake ni mdogo. Kinachoisukuma ni mlipuko wenyewe. Gesi inapita juu ya ringi, inaingia nyuma yake, inaibana kwenye ukuta. Injini ikiwa inanguruma tu bila kazi, gesi ni kidogo, ringi inateleza juu juu, vilele havisagiki. Oili inayobaki ukutani inaungua, inakuwa kama vanishi, inafunika ile mistari. Ikifika hapo, ringi haitakaa tena. Gari itatoa moshi wa bluu, itakunywa oili kila wiki, na dawa ni moja, kufungua tena.

Ndiyo maana huwa nakasirika nikiona fundi amewasha injini mpya asubuhi akaiacha ingurume hadi saa sita "ijizoeshe". Ama mtu anachukua gari kutoka gereji, anaingia barabara kuu, anashika mwendo wa themanini bila kubadilisha hadi ushago. Babu yangu alinisimulia kwamba zamani gari yenye injini mpya ilibandikwa karatasi nyuma kuomba wengine wapite, na dereva alitambaa hivyo wiki nzima. Alikuwa anasimulia kwa fahari. Sikumwambia kitu.

Na huu muda ni mfupi. Injini ya Mwalimu ni EJ20, ya lita mbili na turbo. Silinda ina upana wa milimita 92 na pistoni inasafiri milimita 75. Ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, kila pistoni inapita kwenye ukuta mara 8,000 kwa dakika hiyo moja. Nusu saa ya hivyo ni mara 240,000. Vilele vya msasa haviwezi kubaki vikali baada ya hapo. Sehemu kubwa ya kazi ya ringi inafanyika mapema sana, pengine kabla hata hujamaliza tangi la kwanza la petroli.

Hayo yote nilikuwa nayajua wakati narekodi. Ama niseme nilikuwa nimeyasoma. Mimi nilisoma uhandisi wa mitambo miaka miwili kasoro muhula mmoja, halafu nikaacha chuo, stori hiyo mnaijua na sitairudia. Lakini kuna hii sijawahi kuwaambia. Lekchara mmoja alitufundisha somo zima la nyuso za vyuma. Alichora ubaoni mstari wenye meno kama milima na mabonde, akatwambia kila chuma kinachoonekana laini kiko hivyo ukikikuza. Mimi nilikuwa nyuma, simu chini ya dawati, nakata video. Miaka mitatu baadaye nikaja kufundisha watu somo lile lile kwa sekunde 58, bila ile sehemu aliyoieleza nikiwa nimeinama.

Ile sehemu ni kwamba vilele vikisagwa, havipotei hewani. Vinaingia kwenye oili.

*

Mwalimu alinunua Forester yake kwa mkopo wa Sacco. Ni ile ya turbo, ya gia za mkono, na aliitafuta miaka minne. Si kijana wa kelele. Ana miaka arobaini na kitu, anavaa sweta hata Nakuru ikiwa na jua, lakini ukimtajia injini za boksa anasahau amekuja kukuona kwa nini. Injini iligonga mara ya kwanza mwaka jana. Akaipeleka gereji moja Nakuru, ikafunguliwa, ikajengwa upya kwa pistoni mpya, ringi mpya, beringi mpya. Alilipa pesa ambayo sitaitaja hapa kwa sababu mkewe anasoma hizi posti.

Siku ya kuichukua, alisimama kwenye kituo cha petroli akatazama video yangu mara mbili. Halafu akashika barabara ya Eldoret. Aliniambia hivi baadaye: "Nilihesabu, kijana. Ulisema injini inataka presha, na mlima ndio presha." Kwa hivyo akapanda, akapita Salgaa, akapanda tena, mguu chini, turbo inasukuma, anapita malori, dakika baada ya dakika bila kuiachia. Akafika Sachangwan, akageuza. Aliporudi karibu na Ngata, taa ya presha ya oili ikapepesa. Akasimama kando. Akaiwasha tena.

Alinitumia ujumbe wa sauti wa sekunde 22. Sekunde 18 za kwanza ni injini peke yake. Ko, ko, ko, ko, ko. Halafu sauti yake, taratibu kabisa, kama anamwamsha mtoto: "Kijana, hii ni sauti gani?"

Nilijua kabla hajauliza. Yeyote aliyewahi kukaa karibu na Subaru anaijua hiyo sauti. Beringi ya konrodi imekwisha, injini imenoki.

Nilijibu baada ya siku mbili. Hizo siku mbili video ilikuwa bado inapanda, na ni video hiyo hiyo iliyolipa kodi yangu ya mwezi ule. Jibu langu lilikuwa: pole sana mwalimu, hiyo lazima ni makosa ya fundi. Nikaweka na emoji ya mikono imekunjwa. Akajibu: "Inawezekana. Njoo tuifungue pamoja."

Singeenda, nawaambia ukweli. Niliandika "niko na shughuli" mara tatu nikaifuta. Kilichonifanya niende ni kwamba hakunitusi. Angenitukana ningemblock tu, maisha yaendelee.

*

Hakuirudisha kwenye ile gereji ya kwanza. Aliipeleka kwa mzee mmoja wa jua kali, kibanda cha mabati, sakafu safi kuliko ya nyumba yangu. Mzee hakuanza na injini. Alitoa filta ya oili, akaikata mkebe kwa msumeno mdogo, akaikunjua ile karatasi ya ndani juu ya gazeti kama mtu anafungua chapati. Akaisogeza kwenye jua.

Iling'aa. Mazee, iling'aa kama kitenge cha harusi.

Mzee alitwambia kila injini mpya itakuwa na unga kidogo wa kijivu kwenye filta ya kwanza, ule mwembamba unaoshikwa na sumaku. Huo ni msasa umefanya kazi, haumtishi. Lakini hivi vipande vilikuwa vya kung'aa, vikubwa vya kuokota na ukucha, na vingi sumaku haikuvitaka. Hiyo ni beringi. Tulipofungua sampu na kushusha vyuma, beringi ya silinda ya tatu ilikuwa imezunguka kwenye kiti chake na kuikwangua krankshafti.

Halafu akachukua kipozeo cha oili, kile kidude kinachokaa hapo filta inapofungwa, akamimina petroli ndani, akatikisa, akamwaga kwenye beseni jeupe. Tukasubiri itulie. Chini ya beseni kukabaki mchanga wa chuma.

"Huu si wa juzi," mzee akasema. "Huu ni wa ile ajali ya kwanza."

Ile gereji ilikuwa imebadilisha kila kitu ndani ya injini, halafu ikarudisha kipozeo cha zamani bila kukisafisha. Injini yoyote ikinoki, chuma chake kinasambaa kila mahali oili inapopita: kipozeo, mabomba ya turbo, pampu. Usipovisafisha ama kuvibadilisha, unaijengea injini mpya nyumba juu ya kaburi. Nafasi kati ya beringi na krankshafti ni ndogo kuliko unene wa unywele, na nafasi hiyo inajazwa na oili peke yake. Chuma kinaelea juu ya oili, hakiguswi na chuma kingine. Ukiileta oili yenye mchanga na wakati huo huo unapanda mlima na turbo imejaa, mizunguko iko juu, oili ina joto imekuwa nyepesi, basi.

Nilihisi mzigo umetoka mgongoni. Nikasema, kwa sauti, mbele ya wote: "Kwa hivyo si mimi."

Mwalimu hakunijibu. Mzee alikuwa anapangusa mikono. Akasema kwamba injini hii ilizaliwa na ugonjwa, ni kweli, lakini ugonjwa huu ulikuwa unaonekana. Mtu angemwaga oili ya kwanza baada ya kilomita 30, akakata filta kama tulivyoikata, angeona ile ng'aring'ari na kuzima gari hapo hapo. Beringi zingeumia, krankshafti ingepona. Bei ya kosa ingekuwa robo.

Halafu akamuuliza Mwalimu, bila ubaya wowote, anataka tu kujua: "Na nani alikwambia usitoe oili mapema?"

Mwalimu aliangalia beseni. Hakunitaja. Ningependa kuwaambia kwamba nilijitaja mwenyewe pale pale, lakini nilijitaja tukiwa tumetoka, tunakula chips kwa kibanda cha ng'ambo, na nilimwambia Mwalimu, ambaye tayari alikuwa anajua. Kwa mzee nilirudi kesho yake.

*

Niliuza lenzi moja ya kamera na tukagawana gharama ya krankshafti na beringi na Mwalimu. Kipozeo kilinunuliwa kipya. Silinda hazikuwa zimeumia, mzee alizikwaruza upya kidogo na kuweka ringi nyingine. Siku ya kuwasha nilikuwepo, na hii ndiyo sehemu ambayo ningetaka mtu angenionyesha kabla sijawahi kushika kamera.

Hakuiwasha. Kwanza alichomoa waya wa kihisi cha krankshafti ili injini izunguke bila kushika moto, akaizungusha kwa stata sekunde kumi, akapumzisha, akaizungusha tena, mpaka taa ya presha ya oili ikazimika. Maana yake ni kwamba oili ilifika kwenye kila beringi kabla ya mlipuko wa kwanza. Ndiyo akarudisha waya. Ikawaka. Akaiacha inguruma muda wa kuangalia tu kama kuna panapovuja, maji yakaanza kupata joto, akafunga boneti, akamwambia Mwalimu: "Twende. Hapa imesimama inajiharibu."

Oili ilikuwa ya kawaida ya madini, si sinthetiki. Sinthetiki inateleza vizuri mno, na mwanzoni hutaki vile vilele viteleze, unataka visagwe. Busti ilishushwa mpaka chini kabisa. Tukachukua barabara ya Bahati na Subukia kwenda Nyahururu, kwa sababu ni kona na vilima vinavyopokezana, haikuruhusu kushika mwendo mmoja hata ukitaka.

Ilikuwa hivi. Gia ya tatu, injini ina joto tayari. Kutoka mizunguko 2,000 na kitu, kanyaga nusu, iachie ivute mpaka 4,000. Kisha toa mguu kabisa, usikanyage klachi, usikanyage breki, acha injini yenyewe iirudishe gari chini. Kanyaga tena. Toa tena. Unapokanyaga, gesi inasukuma ringi ukutani. Unapotoa mguu, silinda inavuta hewa haipati, inavuta oili kutoka chini, oili hiyo inaosha ule unga na kupoza ringi. Moja bila nyingine haifai. Video yangu ilikuwa na ya kwanza tu, na mlima wa Sachangwan ni ya kwanza tu, kilomita baada ya kilomita.

Baada ya kama mara kumi tulienda mwendo wa kawaida dakika kadhaa, joto lishuke. Halafu tena. Kilomita 30 zilipofika tulikuwa Subukia, tukaegesha kando ya duka, mzee akatoa beseni lake jeupe na mkebe mpya wa oili kwenye buti. Watu wakasimama kutazama wanaume watatu wanakata filta kwenye barabara. Karatasi ilikuwa na unga wa kijivu. Sumaku iliuchukua wote. Mzee akafunga filta mpya na hakusema kitu, akaomba tu soda.

Jambo moja la huku kwetu ambalo sijaona wazungu wa mtandaoni wakilitaja: kimo. Nakuru iko juu ya mita 1,800, Nyahururu ni juu zaidi. Hewa ni nyepesi. Mtu wa Mombasa na mtu wa Nyahururu wakikanyaga sawasawa, injini isiyo na turbo haipati presha sawa ndani ya silinda. Huku juu nusu ya mguu ni kidogo kuliko unavyodhani. Turbo inafidia, ndiyo, lakini ukiishusha busti hadi chini kama sisi, usiogope kuongeza mguu kidogo. Uoga nao unaweka vanishi.

Sasa, wale mtaniuliza kuhusu gari mpya kabisa, ile yenye karatasi ya plastiki kwenye viti. Kwanza hongera, tuma picha. Pili, soma kitabu, nilikosea. Kiwanda kinakwaruza silinda kwa ustadi kuliko kibanda chochote, ringi karibu zinafika zimekaa, kwa hivyo ile kazi ya Subukia haikuhusu. Subaru wanasema kilomita 1,600 za kwanza usipite mizunguko 4,000, usishike mwendo mmoja muda mrefu, usiondoke kwa fujo. Soma hiyo ya katikati tena. Hata kitabu cha "mawakili" hakikusema utambae, kilisema ubadilishe mwendo. BMW kwenye magari yao ya M wanataka gari irudi ikifika kilomita 2,000, oili ya injini na ya difu ibadilishwe. Honda wao wanakwambia uiache oili ya kiwandani mpaka wakati wake, kwa sababu imetiwa vitu vya kusaidia injini changa. Wanatofautiana kwa sababu injini zinatofautiana. Ndiyo maana mtu hawezi kukwambia kwa sekunde 58.

Na wale wa Kirinyaga Road, mliovuka na injini ya kutoka Japani kwenye mkokoteni na mnaniuliza mtaizoeshaje: hiyo ilizoeshwa na mtu mwingine, miaka mingi iliyopita, huko kwao. Badilisha mikanda na mihuri, endesha.

*

Tulifika Nyahururu tukaegesha, injini ikiwa inatoa ile milio midogo ya chuma kinachopoa. Mzee alienda kutafuta nyama. Mwalimu akaniuliza, akiangalia mbele: "Ile video bado iko?"

Ilikuwa iko. Siku kumi na moja tangu beseni jeupe, na bado ilikuwa iko. Nilikuwa nimepanga niweke maelezo chini yake, nilikuwa nimepanga nitengeneze ya pili ya kurekebisha, nilikuwa na mipango mingi. Katika hizo siku kumi na moja watu walikuwa wameisevu. Mmoja aliandika kwenye maoni kwamba anachukua injini yake Ijumaa. Nilikuwa nimeyaona hayo maoni na nikayapita.

Niliifuta pale. Simu iliniuliza kama nina uhakika, nikabonyeza ndiyo. Nikamtafuta yule wa Ijumaa, nikamwandikia atoe oili kwenye kilomita 30 na akate filta, na asipande mlima wowote bila kuiachia. Bado hajajibu. Sijui kama aliniblock ama hana bando, ama ni lile jambo lingine. Kama ni wewe unasoma hii, niandikie, hata kama ni kunitusi.

Mwalimu aliwasha gari. "Tugeuze," akasema, "baridi inaingia."

Hiyo Forester sasa imefika kilomita 1,480. Oili ilibadilishwa tena kwenye 500, unga ulikuwa kidogo sana. Mzee alipima kompresheni, silinda zote nne zimekaribiana. Haitoi moshi. Busti bado iko chini, na Mwalimu hajawahi kupita mizunguko 4,000, isipokuwa mara moja lori lilipomfungia njia pale Lanet, na alinipigia kuniambia kama mtu anayekiri dhambi.

Kila Jumapili jioni ananitumia picha ya kijiti cha kupimia oili, kimewekwa juu ya daftari la shule, na kando ameandika alama kwa kalamu nyekundu. Ya wiki jana ilikuwa tisa kwa kumi. Nimemuuliza hiyo moja imeenda wapi. Amesema tutaiangalia Jumamosi, tukikata filta.